TABIANCHI: TUSIMSINGIZIE MUNGU, TUSIMWONEE MAMA NTILIE

Ndugu msomaji, kaa kijiwe chochote cha hapa Nyasubi, kiwe cha bodaboda, cha kahawa au cha wachimbaji wanaosubiri gari la kurudi machimboni, kisha taja neno mvua. Ubishi utawaka hapo hapo. Mmoja atasema mvua ni ya Mungu, binadamu hana ubavu wa kuizuia wala kuileta. Wa pili atasema Wazungu na viwanda vyao wameshaharibu anga, sisi tunavuna tusichopanda. Wa tatu, aliyetoka semina juzi akiwa na fulana ya bure, atasema mharibifu ni wewe na gunia lako la mkaa.

Gazeti hili linasema wote watatu wameshika kipande cha ukweli. Ubaya ni kwamba kila kipande kina mkubwa anayejificha nyuma yake ili asilipe deni lake. Msimamo wetu tunautoa mapema, usije ukasoma hadi mwisho ukiutafuta: mkono wa binadamu upo. Cha kuuliza ni mkono wa nani, na nani alipe.

SHINYANGA NI SHAHIDI

Tuanze nyumbani. Mtu akikwambia binadamu hawezi kubadili nchi, mwulize hii Shinyanga ilivyokuwa kabla ya babu yake kuzaliwa. Ilikuwa nchi ya misitu na vichaka vya miombo na migunga. Miaka ya 1920 serikali ya mkoloni, chini ya mtaalamu wake wa mbung'o aliyeitwa Charles Swynnerton, ilianza kuwakusanya Wasukuma kwa maelfu kupitia watemi wao, wakafyeka pori ili mbung'o wakose kivuli na ng'ombe wapone ndorobo. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Mbung'o walipungua kweli, na miti ikaondoka pamoja nao.

Baada ya hapo likaja zao la pamba. Mkoloni alitaka pamba, na serikali ya uhuru nayo ikaitaka. Shamba likala pori, ng'ombe wakaongezeka, malisho yakabanwa. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kutoka kwenye maeneo yao ya asili na kurundikwa kwenye vijiji, na ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe. Ngitili, kwa msomaji asiye Msukuma, ni eneo la malisho na miti linalofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wapate chakula wakati wa kiangazi. Ni akiba. Mwenye ngitili alipohamishwa kwa amri, ile akiba ikawa shamba la bibi.

Matokeo yake kila mtu anayajua. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huu, akaondoka akiuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mradi ulitaka kuwagawia watu miche ya kigeni kutoka vitaluni, lakini baadaye wakubwa waligundua kuwa wazee walikuwa na dawa siku zote: wape watu ngitili zao, waache wazilinde kwa dagashida na sungusungu wao. Mwaka 1986 hekta za ngitili zilizohesabika zilikuwa kama 600. Kufikia 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika mkoa wa wakati ule uliojumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watafiti walipopiga hesabu ya kuni, nyasi, asali, dawa na matunda, walikuta ngitili inamwingizia mtu mmoja thamani ya kama dola 14 kwa mwezi. Kwa mwanakijiji wa wakati ule hizo si fedha za kuchezea.

Sasa, msomaji, jibu mwenyewe. Nani aliyefyeka? Binadamu. Nani aliyeotesha tena? Binadamu. Mungu ndiye mwenye mvua, hilo hatubishi, lakini Mungu hakuanzisha Operesheni Vijiji.

USICHANGANYE MAMBO MAWILI

Hapa lazima tuweke mambo sawa, maana vijiweni ndipo yanapochanganywa. Kukata miti ya Shinyanga kunaharibu Shinyanga. Udongo unapelekwa na maji, visima vinakauka mapema, jua linapiga ardhi tupu. Lakini miti ya Shinyanga peke yake haiwezi kuipandisha dunia nzima joto. Hilo ni jambo la pili, na lina mkosaji wake.

Joto la dunia linapanda kwa sababu ya hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi vinapochomwa, na kwa kiasi kidogo zaidi kwenye misitu inayofyekwa. Hewa hiyo ni kama blanketi. Blanketi halina moto ndani yake, kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke. Ukiongeza blanketi juu ya blanketi utatoka jasho hata kama usiku ni wa baridi. Jambo hili si jipya: mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alishapiga hesabu kuwa hewa ya ukaa ikiongezeka dunia itapata joto. Kabla ya viwanda kushamiri, katika kila chembe milioni za hewa kulikuwa na kama 280 za hewa ya ukaa. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa kama 315. Leo imevuka 420.

Mbishi wa kijiweni atauliza: mtajuaje kuwa imetoka kwenye viwanda na si kwenye volkano au jua? Swali ni zuri, na jibu lipo. Mafuta na makaa ya mawe ni mimea na viumbe vilivyozikwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni yake imezeeka na kupoteza alama fulani ambayo kaboni ya miti hai inayo. Wataalamu wanapopima hewa ya leo wanaiona ile kaboni kongwe ikizidi kuchanganyika humo. Kama kosa lingekuwa la jua, anga lote lingepata joto, la chini na la juu. Vipimo vinaonyesha anga la chini linapata joto na lile la juu kabisa linapoa. Ndivyo inavyokuwa blanketi likiwa katikati.

Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, halikukurupuka. Mwaka 1995 lilisema kwa tahadhari kuwa ushahidi kwa ujumla unaelekea kuonyesha mkono wa binadamu. Likaendelea kupima na kukusanya ushahidi kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 2021 likasema hakuna ubishi tena: binadamu ameipasha dunia joto. Kipindi cha 2011 hadi 2020 kilikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya lile la 1850 hadi 1900. Mtu anayesema wanasayansi wanabahatisha hajui kuwa walitumia muda mrefu kuliko umri wake kabla ya kufunga mjadala huo.

PALE WANAPOBISHANA KWELI

Lakini gazeti hili halitakudanganya kuwa kila kitu kimemalizika. Wapo wanaoogopa kukuambia ukweli huu wakidhani utaupokea vibaya. Sisi tunaamini kijana wa Kahama ana akili timamu.

Kwanza, mvua. Kuhusu joto hakuna ubishi, kuhusu mvua za Afrika Mashariki ubishi upo. Hesabu nyingi za kompyuta zinatabiri kuwa ukanda wetu utapata mvua nyingi zaidi, ilhali kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 mvua za masika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zilipungua. Wataalamu wenyewe wanaliita jambo hilo fumbo. Aidha nchi hii ilikuwa na ukame mwaka 1949 na katikati ya miaka ya 1970, na mafuriko ya El Niño mwaka 1997 na 1998. Anayesema kila mwaka mbaya wa mvua umeletwa na viwanda anazidisha chumvi. Mvua iliyumba tangu enzi za watemi. Lililobadilika ni kwamba sasa inayumba juu ya dunia yenye joto zaidi, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo ikimwaga inamwaga kwa nguvu.

Pili, Kilimanjaro. Barafu ya mlima wetu ilipungua kwa kama asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Mwaka 2006 Al Gore, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliitumia katika filamu yake kama ushahidi wa kosa la binadamu. Lakini wapo wataalamu wa barafu waliosema polepole jamani, barafu ile ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya ukanda huu ilipokauka na theluji mpya ikawa haba. Mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza alisema haijathibitika kuwa theluji ya Kilimanjaro imepungua hasa kwa sababu ya binadamu. Wapinzani wa sayansi wakashangilia kama wamechukua kombe.

Kombe lipi? Mtuhumiwa wa makosa mia moja akishinda kesi moja, yale mengine tisini na tisa hayajafutwa. Jaji yule yule alisema hoja kuu za filamu kuhusu joto la dunia zimejengwa juu ya utafiti wa kisayansi. Hiyo sehemu hawakuishangilia.

NANI ANANEEMEKA NA UBISHI?

Ukiona ubishi hauishi, mtafute anayeneemeka nao. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Mwaka 1989 makampuni makubwa ya mafuta, makaa ya mawe na magari yaliunda umoja wao ulioitwa Global Climate Coalition. Hadi ulipovunjwa mwaka 2002, kazi yake ilikuwa kuwaambia wakubwa wa dunia kuwa mambo hayajulikani vizuri, tusubiri kwanza. Mwaka 2023 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa nyaraka za kampuni ya mafuta ya Exxon. Walikuta kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wa kampuni hiyo walikuwa wanatabiri ongezeko la joto kwa usahihi mkubwa, huku kampuni hadharani ikitilia shaka. Kampuni inakanusha kuwa ilipotosha watu. Msomaji, pima mwenyewe.

Mwaka 2001 Marekani iliutelekeza mkataba wa Kyoto. Mwaka 2015 ukaja mkataba wa Paris, Marekani ikaingia, ikatoka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Rais Donald Trump akaamuru itoke tena. Septemba 2025 alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akayaita mabadiliko ya tabianchi utapeli mkubwa kuliko wote. Mmarekani mmoja kwa wastani anatoa kama tani 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Mwenye kula sahani kumi na nne anapomwambia mwenye kula kijiko kuwa hakuna aliyekula, huo si ubishi wa kisayansi. Huko ni kukimbia bili.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesema haya ni mambo ya Mungu tu, jua unamfanyia kazi nani bila malipo.

LAWAMA KWA MNYONGE

Sasa tugeukie kwa wakubwa wetu. Hawa hawasemi tabianchi ni utapeli. La hasha, wameipenda mno. Mwishoni mwa 2022 umeme ulipopungua na Dar es Salaam ikapewa mgawo wa maji, wimbo ulikuwa ukame. Ukame ulikuwepo kweli, lakini nani aliyekuwa na miaka zaidi ya 60 ya uhuru ya kujenga mabwawa ya akiba na kutandaza mabomba?

Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua na mafuriko vimeua watu 155. Alitaja El Niño, kisha akataja uharibifu wa mazingira: ukataji miti, kilimo cha kuchoma moto, mifugo. Yote hayo yapo. Lakini wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipoipima mvua ya Machi hadi Mei mwaka huo Afrika Mashariki, walikuta joto lililoletwa na binadamu limeiongeza nguvu kwa kama asilimia 5, na wakasema wazi kuwa miji inayopanuka haraka na watu wanaoishi bondeni ndiyo iliyoongeza maafa. Asilimia 5 ni deni la wenye viwanda. Mitaro isiyojengwa na viwanja vya bondeni vilivyogawiwa kwa rushwa ni deni la nani? Mfugaji na mkulima wakitajwa, mpimaji wa viwanja naye atajwe.

Na mkaa je? Hatusemi mkaa hauna madhara. Kwa hesabu za serikali yenyewe, nchi inapoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka, na mkaa una mchango wake. Lakini ukizunguka hapa Kahama utaona miti inaenda wapi. Inaenda kwenye matanuri ya kukaushia tumbaku. Inaenda kwenye maduara ya dhahabu, kwenye matimba ya kuzuia udongo usiwafukie vijana wenzetu. Inafyekwa kwa mashamba. Halafu anayekamatwa barabarani na kuporwa baiskeli yake ni mwenye magunia mawili ya mkaa.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo jema. Moshi wa jikoni unaua mama zetu, na hilo peke yake lingetosha. Ila mama ntilie anayepika wali na maharage kwa wateja wa kula kwa mkopo hanunui mtungi kwa hotuba. Mtungi wa kugawiwa mbele ya kamera ukiisha gesi, unageuka stuli. Mshushieni bei ya kujaza, ndipo mumwambie aache mkaa.

BOMBA LINAPITA KWETU

Kuna ubishi mwingine unaopita ardhini kwetu. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 zimo Tanzania. Linapita Geita, linapita Shinyanga. Asilimia 62 ni ya TotalEnergies ya Ufaransa, asilimia 15 ni ya shirika letu la TPDC, 15 ya Uganda na 8 ya kampuni ya China. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, likitaja haki za watu na mazingira. Wakubwa wa Uganda walikasirika, wakasema huo ni ukoloni mamboleo.

Gazeti hili linasema pande zote mbili zina la kujibu. Mzungu aliyetajirika kwa mafuta kwa zaidi ya miaka mia hana uso wa kumnyima Mwafrika pipa la kwanza, tena kampuni yenye hisa kubwa ikiwa ya kwake huko huko. Lakini serikali nayo haiwezi kwenda kwenye mikutano ya dunia ikilia kuwa tabianchi inatuua, kisha ikirudi nyumbani itutake tupige makofi kwa bomba bila kuuliza. Kama faida ipo, tuonyeshwe: mkataba usomwe, mapato ya TPDC yatangazwe, na vijiji vilivyotoa ardhi viseme vimepata nini.

TUNATAKA NINI?

Msomaji, tusiishie kulalama. Tunataka mambo manne.

Kwanza, ngitili ziheshimiwe. Kama serikali ilijifunza kwa HASHI kuwa wananchi wanaweza, isiwageuke kwa kugawa maeneo hayo kwa vigogo na wawekezaji huku ikihubiri upandaji miti.

Pili, wanunuzi wa hewa ya ukaa wanazunguka vijijini siku hizi. Miaka ya mwanzo ya 2010 shirika la TaTEDO lilifanya majaribio ya aina hiyo kwenye ngitili za Kahama na Shinyanga Vijijini kwa fedha za Norway. Sasa inakuja biashara yenyewe. Mkataba wowote usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji: miaka mingapi, asilimia ngapi, ng'ombe wataruhusiwa kuingia lini. Kijiji kisichoelewa kisitie saini.

Tatu, mwenye tanuri na mwenye duara wapande miti yao wenyewe, na wakaguliwe kabla ya mwenye baiskeli.

Nne, mfuko wa kufidia hasara za tabianchi uliokubaliwa Misri mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023 tuudai kama deni, tusiuombe kama msaada. Na fedha hizo zikija, zifike kwa mkulima wa Msalala aliyepoteza mahindi. Zisiishie kwenye semina, posho na magari ya vioo vyeusi.

Kijana wa Nyasubi, kesho ukifika kijiweni ubishi utaanza tena. Asemaye ni Mungu tu, mwulize Shinyanga ilifyekwa na nani na ikaoteshwa na nani. Asemaye ni mzungu tu, mwulize nani aligawa viwanja bondeni. Asemaye ni mama ntilie, mwulize mama huyo ana kiwanda gani.

Kisha usiishie kijiweni. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda ukaulize hivyo hivyo mbele ya diwani, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.